Bwana Afya na Vitabu Tisa

Kabla ya kufungua ukurasa, Bwana Afya alikuwa akilamba kidole gumba. Simaanishi kukigusisha ulimi kidogo kama wafanyavyo makarani. Alikitia chote kinywani, akakinyonya, akakitoa kinang'aa, kisha akakikandamiza kwenye pembe ya karatasi mpaka karatasi ikalowa. Siku za ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wa kukaanga kwa mawese, kila ukurasa ulipata mhuri mwekundu. Niliwahi kukishika kitabu chake kimoja, cha pili nadhani, nikakuta kurasa zimegandana kama chapati zilizolala. Nilikwenda kunawa kwa sabuni ya kufulia, na mchana ule sikula.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa na mamlaka ya kuifunga hoteli yangu kwa sababu ya uchafu.

Kibondo nzima tulimwita Bwana Afya kwa kazi yake, maana yeye ndiye aliyekagua vyoo, visima, machinjio, na sisi wauza chakula wa sokoni. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho chake, na huko ndiko nilikoliacha. Aliletwa na serikali kutoka mkoa mwingine, kama walimu na madaktari wengi wa hapa. Kwa miaka kumi na zaidi alikula chakula cha mchana kwangu, meza ya pembeni, hatua mbili kutoka kwenye ndoo ya kunawia mikono. Hizo hatua mbili zilimshinda. Alikuwa akiikagua ile ndoo, akaona kama ina maji na kama ina mfuniko, akatikisa kichwa kuridhika, halafu akakaa na kushika ugali.

Nikimsema, alikuwa na jibu. "Mama Rehema, daktari wa meno naye hung'olewa meno."

Sijui lile lilikuwa jibu la nini, lakini alilisema kwa raha, na punje ya harage ikamtoka mdomoni.

Sasa vitabu. Vilikuwa tisa, vya Kiingereza, kila kimoja kinene kama tofali la kuchoma. Vyote vilikuwa hadithi moja. Ni hadithi ya mambo ya kisayansi, ya watu wasiokuwepo katika dunia zisizokuwepo, na vyombo vinavyokwenda kati ya nyota. Sita vya kwanza alivipata kwa mkupuo kutoka kwa daktari mmoja mgeni aliyekuwa akifunga mizigo kuondoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Daktari yule alitaka kuvitupa. Bwana Afya alikuwa amekwenda huko kwa shughuli za vyoo, akarudi Kibondo na boksi kichwani, amesahau begi lake la nguo ndani ya basi. Begi halikupatikana tena, na kwa muda wa mwezi mzima alivaa shati moja. Hilo nalo nililiona na kulinusa.

Mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Lakini hadithi ile naijua, kwa sababu alikuwa akitusimulia. Alisoma huku anakula, kisha akasukuma sahani, akachukua vyombo vyangu na kuanza kupanga mbingu mezani. Bakuli la chumvi ndilo jua lililozimika. Chupa ya pilipili, kopo la vijiti vya meno, kikombe na nusu ya ndimu ndizo dunia nne zinazolizunguka.

"Dunia zote nne zinakunywa maji mamoja," alisema. "Yanapelekwa na chombo kimoja kikubwa. Lakini muda haulingani. Siku moja hapa kwenye pilipili ni mwaka mzima kule kwenye ndimu. Fanya hapa ni Munanila na kule ni Kibondo. Ukienda Munanila ukakaa mwezi mmoja, ukirudi Kibondo mkeo ameota mvi."

"Ameolewa na mwingine," alisema dereva mmoja wa lori.

"Hilo liko kitabu cha tatu. Usiniharakishe."

Katikati ya hayo yote kulikuwa na binti mmoja. Mama yake alimpandisha kwenye chombo cha maji kwa safari ya siku tatu, akamwambia nitakusubiri hapa hapa mlangoni. Chombo kikaharibika njiani. Binti akakwama upande wa muda mzito, unaokwenda polepole, akibadilisha majina ili asikamatwe, huku kule kwao miaka inakatika. Kulikuwa na vita ya kugombea nani ana haki ya kufunga bomba, kulikuwa na majemadari na watu waliouza kumbukumbu zao ili wapate maji, na ukoo mmoja wenye matawi mengi kiasi kwamba Bwana Afya aliuchora kwa mchuzi juu ya meza yangu nikakataza watu wasiifute kwa siku mbili. Mimi hayo ya majemadari yalinipita. Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu: yule binti atamkuta mama yake hai?

Nieleze kwa nini, nisije nikaonekana mjinga. Mama yangu alifia Ujiji nikiwa barabarani kwenda kumwona. Nilifika nikakuta watu wanakunja mikeka.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo. Mwenye hadithi ananitia kinyaa, na hadithi siwezi kuikosa. Alisoma anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, kisha kalamu hiyo hiyo akaing'ata. Alama yake ya kuonyesha alipoishia ilikuwa mwiba wa samaki, mgebuka, tena aliuchagua mrefu kutoka kwenye sahani, akaufyonza kwanza. Alikata kucha juu ya kurasa, akafunga kitabu nazo ndani. Siku moja mende alitoka katikati ya kitabu cha tano, akashuka taratibu mezani kama abiria aliyefika kituoni. Wateja wawili waliacha wali wao. Bwana Afya alisema huyo ni mende wa kawaida tu, hana madhara makubwa, na akaendelea kusoma.

Alipenda zaidi mambo ya choo. Kitabu cha pili, kwa maelezo yake, kilikuwa na kurasa arobaini zinazoeleza namna kinyesi cha watu elfu sita kinavyosafishwa ndani ya chombo kile mpaka kinarudi kuwa maji na mbolea. Alitusimulia zote arobaini, saa saba mchana, hoteli imejaa, harage linatoka jikoni.

"Bwana Afya, watu wanakula," nilimwambia.

"Na baadaye watakwenda chooni, Mama Rehema. Mimi nawapa habari kamili." Kisha akasema neno alilolirudia kwa miaka yote, mbele ya walimu na mbele ya mashekhe: "Mwandishi asiyekwambia choo kiko wapi, anakudanganya na mengine yote."

Na vyooni nako alisoma. Aliwahi kwenda kukagua vyoo vya shule fulani akakaa ndani saa nzima. Walimu wakajipanga nje kwa wasiwasi, mwalimu mkuu akiwa ameshaandaa maelezo. Mwishowe alitoka macho mekundu, anapangusa machozi kwa mkono wa shati. Mwalimu mkuu akauliza tatizo ni kubwa kiasi gani. Bwana Afya akamwambia vyoo havina neno. Alikuwa amefika pale nahodha wa chombo anapokufa.

Nikiishia hapo nitakuwa nimemwonea. Lipo jambo moja ambalo sina budi kulisema, ingawa nalo lina kinyaa chake.

Kulikuwa na msimu wa ugonjwa wa kuhara, na mgeni mmoja akafia katika chumba cha nyumba ya kulala wageni. Alikuwa peke yake, hakuna aliyemjua, na chumba kilikuwa katika hali ambayo sitaieleza. Mwenye nyumba alikimbia. Vijana wa kuchimba kaburi walikubali kuchimba tu. Bwana Afya alivaa glovu na mabuti, akaingia na ndoo ya dawa, akafunga mlango. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nimeleta maji ya moto, nikamsikia akizungumza na maiti. "Geuka kidogo kaka yangu. Basi, basi. Namaliza sasa hivi, utakuwa safi." Alimwosha kama anavyooshwa mtu mwenye ndugu. Alichoma godoro, akasugua sakafu, akamsindikiza mpaka kaburini, na watu waliokuja hawakuzidi watano.

Mchana wake alikuja kula. Nilimwekea sahani nje, kwenye kigoda, mbali na wenzake. Nilikuwa namwonea kinyaa na najionea haya kwa kinyaa hicho, vyote pamoja. Alielewa. Alikaa akala huko huko nje, akaniambia bila hasira: "Kinyaa ni anasa, Mama Rehema. Kwenye kile chombo, wenye kinyaa ndio waliokufa kwanza."

Sijawahi kumwona mtu mwingine asiye na kinyaa kabisa. Niliwahi kudhani ni sifa. Baadaye niliona kwamba mtu asiyechukizwa na kitu chochote, hata alichofanya yeye mwenyewe hakimchukizi.

Alipomaliza kitabu cha sita alikonda. Cha saba hakikuwepo. Alituma watu Kasulu, aliuliza Kigoma mjini, alimwandikia yule daktari kwao asijibiwe. Alianza kusoma tena cha kwanza, lakini bila raha, na simulizi zikakatika. Wateja wakaanza kula haraka na kuondoka.

Pale sokoni kulikuwa na mwanamke anauza vitumbua, Mama Eliza, mjane kutoka Munanila. Alikuwa mtu mpole, na vitumbua vyake vilikuwa vizuri kuliko chapati zangu. Nasema hivyo sasa, zamani nisingesema. Alifungia vitumbua kwenye karatasi zozote alizopata, kama soko zima lilivyokuwa likifanya: magazeti, madaftari ya wanafunzi, fomu za ofisini. Kuna mtu alikuwa akimletea vitabu vya kambini, vinavyouzwa huko kwa kupimwa kwenye mizani.

Asubuhi moja Bwana Afya alinunua vitumbua vitatu kwake, akaja navyo kwangu anywe chai. Alifungua karatasi, akala cha kwanza, akaitazama karatasi. Akaacha kutafuna. Akailamba mafuta, kwa ulimi, kutoka juu mpaka chini, ili maneno yaonekane. Mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi nikamtazama mtu mzima akilamba karatasi.

"Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja," alisema. "Binti yuko hapa. Kitabu cha saba hiki."

Mtu yeyote mwingine angerudi kwa yule mama akamwambia, mama, naomba hicho kitabu. Mama Eliza angempa, tena angemwongezea kitumbua. Angeweza pia kukinunua kwa bei ya karatasi. Yeye alikwenda ofisini, akavaa koti jeupe, akarudi na fomu. Akamsomea kwamba wino wa karatasi zilizochapishwa ni sumu kwenye chakula, jambo ambalo ni kweli, ila soko zima lilikuwa likifungia chakula kwenye karatasi hizo hizo siku hiyo pande zote nne za pale aliposimama. Akachukua karatasi zote za Mama Eliza, akafunga kibanda mpaka anunue karatasi safi, apime afya yake, na yeye Bwana Afya aje kukagua upya na kutia saini. Kisha akaondoka na kitabu kwapani. Zilikuwa zimekwenda kurasa chache tu, zilizochanwa katikati.

Nilipoona vile nilisikia kichefuchefu cha kweli, si cha maneno. Kunyonya vidole na kukata kucha ni uchafu wa mwili. Ule ulikuwa uchafu wa namna nyingine.

Siku ya nne Mama Eliza alikuja kwangu asubuhi, mikono yake miwili imeshika bahasha.

"Mwakeye, Mama Rehema."

"Mwakeye, mwenzangu. Karibu."

"Nimeshanunua makaratasi meupe. Nimepima, cheti hiki hapa, niko mzima. Kamebaki kasaini kamoja tu. Nimekwenda ofisini mara mbili hayupo. Wewe anakula kwako kila siku. Umwambie aje aone. Eliza anadaiwa vitu vya shule, na mimi sina kazi nyingine."

Eliza alikuwa kidato cha pili, msichana mrefu, anakuja kumsaidia mama yake Jumamosi na daftari kwapani. Nilimwambia Mama Eliza aende kwa amani, nitamwambia leo leo mchana. Nilikuwa nimekusudia kweli.

Mchana Bwana Afya aliingia na kitabu cha saba. Watu walikuwa wameshasikia, hoteli ilijaa. Alipanga dunia zake mezani, akasogeza kijiti kimoja cha meno taratibu kuelekea kwenye ndimu, kile kijiti ndiye binti. "Sasa ameona taa za kwao," akasema. Nikajiambia, akimaliza sura hii nitamwambia. Alimaliza, akafunga kitabu, akapangusa mdomo kwa pazia langu, akatoka. Nikajiambia kesho. Kesho yake binti alikamatwa. Siku ya tatu alikuwa kizuizini, na walinzi walikuwa wakimuuliza jina lake la kweli na yeye hana uhakika tena. Ningemwingilia vipi katikati ya hapo? Nilijua atakasirika. Nilijua ataona haya, na mtu aliyeona haya mbele ya watu hutafuta meza nyingine ya kulia.

Nitasema na lile lingine. Waliokuwa wakinywa chai na vitumbua vya Mama Eliza sasa walikuwa wanakuja kwenye chapati zangu.

Alikuja mara ya pili, nikamwambia bado, ana kazi nyingi. Mara ya tatu hakuingia. Nilimwona mlangoni, amesimama na ile bahasha. Bwana Afya alikuwa anasimulia na mimi nilikuwa nacheka, sahani mkononi. Macho yetu yalikutana. Hakuniita. Nilipoweka sahani chini alikuwa ameshaondoka.

Kibanda kilikaa hivyo mpaka mahali pake akapewa mkaanga chipsi. Mama Eliza alirudi Munanila kulima, na Eliza akaondoka naye. Nilisikia kwamba shule hakuiendeleza.

Miezi kadhaa baadaye, anakula chapati yangu, Bwana Afya aliuliza, "Hivi yule mama wa vitumbua siku hizi yuko wapi? Vilikuwa vitamu."

Nilimtazama. Mafuta yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Hakuwa anaigiza. Alikuwa amesahau kweli, siku zile zote alikuwa anasoma tu. Nilitamani kumtemea kwenye chai.

"Amerudi kwao," nilisema.

"Ah," alisema, akalamba kidole gumba.

Kitabu cha nane alikipata kwa njia halali. Kabla hajapata cha tisa alihamishiwa Kasulu, na huko akastaafu. Kwa hiyo mimi nilibaki na binti akiwa nje ya mlango wa mama yake, ameinua mkono apige hodi. Miaka ikapita hivyo.

Kiangazi hiki Mama Eliza amerudi Kibondo. Amezeeka, mgongo umeinama kwa jembe. Anataka kuanza tena vitumbua, kwa sababu Eliza naye ana watoto sasa na shamba haliwatoshi. Alikwenda kuomba kibali. Bwana Afya wa sasa, ambaye ni binti mdogo mwenye adabu, alifungua faili akakuta ile amri ya kufunga haijawahi kuondolewa. Akamwambia kuna njia mbili: aanze maombi upya, yatakayochukua msimu mzima, au alete maandishi ya aliyefunga kwamba jambo lile lilikwisha.

Mama Eliza alikuja akaiweka fomu juu ya meza yangu. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba mimi ndiye ninayejua mzee yule anakokaa.

Nilipanda basi la Kasulu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na miaka mingi ya maneno. Nitamwambia ulimnyang'anya mjane. Nitamwambia ulimtoa mtoto shuleni kwa sababu ya watu wasiokuwepo. Nitamwambia ulilia chooni kwa ajili ya nahodha wa kwenye karatasi, na huyu aliyesimama juani mlangoni kwako hukumwona. Nilikuwa nayarudia midomo inacheza, mpaka mama niliyekaa naye akaniuliza kama naumwa.

Nilimkuta barazani kwake, amevimba, mguu mmoja kwenye beseni la maji ya chumvi. Kidonda kilikuwa kibaya. Mkono mmoja ulikuwa kwenye karanga na mwingine kwenye kidonda, na mikono ilikuwa inabadilishana. Juu ya mapaja kilikuwa kitabu cha tisa.

"Mama Rehema!" alisema, akanipa mkono, na mimi nikaupokea.

Sikuanza na matusi. Nilitoa fomu kwanza, nikamweleza: Mama Eliza, vitumbua, kibanda, karatasi safi, cheti, na saini iliyokuwa imebaki. Aliishika fomu mbali na macho, akatafuta kalamu nyuma ya sikio, akaandika mstari mmoja kwamba masharti yalitimizwa, akatia saini. Haikuchukua muda wa kumenya karanga mbili.

Kisha akanitazama kwa mshangao, na nikaona kwamba ameumia.

"Kumbe alikuwa ananisubiri mimi? Mbona hukunikumbusha? Wewe ulikuwa unaniona kila siku. Mimi nikishika kitabu nasahau hata kula, hilo unalijua. Ungeniambia neno moja tu ningesaini pale pale mezani."

Maneno yote ya kwenye basi niliyatafuta. Hakuna hata moja lililokuwa lake, yote yalikuwa yangu.

"Nilisahau," nilimwambia.

Akaniamini. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema sisi binadamu, akafungua kitabu cha tisa mahali fulani karibu na mwisho. Akalisogeza beseni kwa mguu ule mzima ili nipate pa kukaa, na mimi nikakaa.